Asali ya Wateja Wasiokuwepo

Zefania Mughwai alijiita fundi wa tovuti, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine mtaani kwake Mandewa, Singida mjini, aliyekuwa na sababu ya kumwita hivyo, ilimbidi ajiite mara nyingi. Alijiita kwenye kadi alizochapisha. Alijiita kwenye kibao alichotundika juu ya mlango wa chumba chake cha kupanga, kati ya saluni na mashine ya kusaga. Tovuti zenyewe zilikuwa bado. Alichokuwa nacho ni michoro.

Na michoro alikuwa nayo kweli, tusimpunje. Kwenye kozi aliyoisoma kwa simu alifundishwa kwamba fundi mwenye akili hakurupuki kuandika programu. Kwanza anachora karatasini jinsi kila ukurasa utakavyokaa: sanduku hapa la picha, mistari pale ya maneno, duara chini kwa ajili ya kitufe cha kubofya. Anawaonyesha wenye tovuti yao, wanamkosoa, anafuta, anachora tena, maana kufuta penseli ni kazi ndogo kuliko kubomoa programu iliyokwisha kuandikwa. Baada ya karatasi anatengeneza mfano kwenye kompyuta, kurasa za rangi zilizounganishwa. Ukibofya hapa unakuja ukurasa huu, ukibofya pale unakuja ule, lakini nyuma yake hakuna kitu, ni picha tupu zinazopishana. Mfano ukikubalika, ndipo programu inaandikwa.

Somo zuri, na Zefania alilishika lote isipokuwa hiyo hatua ya mwisho. Programu zilimtoa jasho. Ukisahau nukta moja, kompyuta inakununia siku nzima bila kukuambia kisa. Mchoro haununi. Kwa hiyo alichora. Alichorea duka la vifaa vya ujenzi, alichorea kwaya, na tovuti yake mwenyewe alikuwa ameichora na kuifuta mpaka karatasi ikatoboka. Ukimuuliza kazi inaendeleaje, alikujibu kwamba iko katika hatua ya mipango, kwa sauti ya mtu anayejenga uwanja wa ndege.

Siku moja akapigiwa simu na Mama Severina. Huyu alikuwa mdogo wake mama yake, aliyeolewa kijiji cha Rungwa, na huko alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki.

"Zefania, wewe si ndiye fundi wa mambo ya mtandao?"

"Ndiyo mimi, mama," alijibu Zefania, akifurahi kwamba hatimaye kuna mtu mwingine amelitamka.

"Basi njoo. Tumechoka na Stanley."

Stanley alikuwa mnunuzi wa asali kutoka Itigi. Kila msimu wa kurina alikuja na lori lake, akatangaza bei kabla hata hajashuka kwenye kiti, na kwa kuwa hapakuwa na lori jingine, bei yake ndiyo ilikuwa bei. Kikundi kilitaka watu wa mbali waione asali yao wenyewe na kuiagiza wenyewe. Mama Severina alikuwa amewaambia wenzake kwamba mwanawe yupo Singida mjini na ataliweza hilo. Alikuwa amemdhamini kwa mdomo wake, mbele ya watu wazima.

Safari ya kwanza Zefania alikwenda na karatasi za manila. Walimpokea kwenye ghala la kikundi, nyumba ya matofali ya kuchoma iliyonuka nta mpaka ukutani. Akawaamkia wazee, akabandika michoro yake, akaeleza. Wakamsikiliza kwa heshima, kisha wakaanza.

"Mbona asali yenyewe haionekani?"

"Hilo sanduku ndipo picha ya asali itakapokaa."

"Namba ya simu mbona umeizika huko chini? Nani atafika huko?"

"Na mtu asiyejua kusoma atabofya wapi?" aliuliza Bibi Rebeka, mkubwa kuliko wote pale, ambaye alifuga nyuki wadogo wasiouma na asali yao aliiuza kwa vichupa.

Mzee Sostenes aliitazama karatasi muda mrefu, akageuza shingo huku na huku. "Mimi naona ni ramani ya nyumba nzuri tu," alisema. "Ila choo sijakiona."

Ghala zima likacheka. Mtu mwenye busara angeshukuru, maana hayo ndiyo maneno hasa ambayo kozi ilimwambia ayatafute: namba ipande juu, picha ziwe kubwa, maandishi yapungue. Kwa mkutano mmoja alikuwa amepewa kila alichohitaji. Lakini Zefania hakuwa na busara siku hiyo, alikuwa msanii, na hakuna aliyempigia makofi. Alirudi Mandewa amenuna njia nzima, akijiapia kwamba watamtambua.

Akajifungia na kompyuta. Akatengeneza mfano wa kubofya, na akautengeneza kwa hasira. Rangi ya dhahabu. Tone la asali linalodondoka polepole. Picha ya Mama Severina ameshika sega, akitabasamu. Alipoona ukurasa wa oda uko mtupu, akabuni wateja ili papate uhai: Anastasia wa Mbeya, ndoo tatu; Benson wa Tabora, mwenye hoteli, ndoo tano; na wengine wengi kadiri majina yalivyomjia. Mteja wa mwisho, Jesca wa Morogoro, akamtungia na ujumbe: "Mwanangu anakohoa hadi hapati usingizi. Nimesikia asali ya nyuki wadogo ya kwenu inasaidia. Nawaomba sana msichelewe." Alipousoma tena machozi yalimlengalenga. Nusura aagize yeye mwenyewe.

Safari ya pili aliuweka mfano ule kwenye simu ya Mama Severina. Pale ghalani mtandao huwa haukamati mpaka upande kichuguu, na siku hiyo haukuwepo kabisa. Lakini tone la dhahabu likadondoka, kurasa zikafunguka moja baada ya nyingine.

"Bila mtandao!" alisema Mzee Sostenes, akivua kofia. "Ya mjini inagoma mpaka uweke bando. Hii ya kwetu inafunguka hivi hivi!"

Vigelegele vikapanda. Simu ikapita mkono kwa mkono. Zefania alikuwa na sentensi moja aliyoiandaa tangu basi lilipopita Itigi: huu ni mfano tu, tovuti yenyewe bado. Ilikuwa tayari ulimini, akisubiri tu vigelegele vipungue. Vilipopungua, chakula kikaingia. Mama Severina akachota kwenye bakuli la kuku, mbele ya wanaume waliomzidi Zefania umri mara mbili, akamwekea firigisi.

Mwenye kuelewa ameelewa. Firigisi ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni aliyeipa nyumba heshima. Zefania alikuwa amekula kuku wengi maishani, shingo na mabawa na miguu, lakini firigisi hakuwahi kuwekewa na mtu. Aliitazama sahanini. Firigisi na ile sentensi haviwezi kukaa mdomoni pamoja, akaamua kumeza vyote viwili.

Alijitetea baadaye kwamba alisema. Kweli alisema, wakati anapanda basi, injini inaunguruma, akimwambia Mzee Sostenes kwa sauti ya chini kwamba bado kuna marekebisho madogo. Mzee alimjibu kwamba hakuna kazi ya binadamu isiyo na marekebisho, akampungia mkono. Marekebisho yenyewe madogo yalikuwa tovuti nzima.

Aliporudi Mandewa alikaa chini aandike programu. Siku ya kwanza alibadilisha rangi ya kitufe. Siku iliyofuata aliirudisha. Akaona ni vyema achore kwanza mpango wa namna atakavyoandika, akauchora vizuri sana, na ukapendeza. Ndipo Mama Severina akapiga tena.

"Zefa, uzinduzi ni Jumamosi. Mgeni rasmi ni mheshimiwa diwani, ameshakubali. Wewe unakaa meza kuu. Vaa suti."

"Mama, ngoja kwanza..."

"Na Stanley alikuja tumemwambia ajiendee. Tumemwambia asali yote ina wenyewe."

Zefania alibaki ameishika simu hata baada ya sauti kukatika. Hapo ndipo jasho la kweli lilipomtoka. Stanley huzunguka vijiji vya jirani mpaka lori lijae, akishaondoka ndiyo basi, na mvua zikianza ile barabara haipitiki. Ada za watoto, mbegu, bati za Mzee Sostenes, vyote vilikuwa ndani ya zile ndoo. Alijaribu kuandika programu mpaka Ijumaa. Ilipofika Ijumaa alikuwa na ukurasa mmoja mweupe wenye neno "Karibu", na hilo neno lilikuwa limelalia upande. Akaazima suti kwa jirani, na viatu ambavyo havikuwa saizi yake, akapanda basi. Njia nzima alijipanga kusema ukweli atakapofika. Alikuwa hodari wa kupanga.

Alifika asubuhi na mapema siku ya sherehe. Turubai limefungwa mbele ya ghala, spika zinajaribiwa. Mama Severina akamshika mkono, akamwingiza ndani.

"Tazama kazi yako."

Ndoo zilipangwa ukutani, zimefutwa zinang'aa, na kila moja imebandikwa karatasi yenye mwandiko wa kalamu ya wino mzito. Anastasia, Mbeya. Zefania akasoma tena. Anastasia, Mbeya, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Benson, Tabora. Wateja wake wote walikuwepo, wamejipanga kama wanafunzi paredi, na kila mmoja alikuwa amejaziwa asali.

"Tulisema zisitoke kabla ya uzinduzi," alisema Mama Severina. "Mgeni rasmi ndiye azikabidhi. Baadhi ya watu walikuwa na haraka, lakini nimewatuliza."

Mwenye haraka alikuwa Bibi Rebeka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya ndoo, mikononi ameshika chupa ndogo iliyofungwa kitambaa safi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Afadhali umefika. Huyu Jesca wa Morogoro namba yake ina sifuri tupu, kila nikipiga haiiti. Nataka kumjulia hali mtoto. Hii ya kwake sitaki hela, mwambie. Ya mtoto mgonjwa haiuzwi."

Zefania akafungua mdomo. Akasema namba ina hitilafu, ataiangalia. Akatoka nje, akasimama nyuma ya ghala, akajitukana kwa lugha zote alizozijua, na kwa kuwa Kiswahili hakikutosha alimalizia na Kinyaturu. Kutoka pale aliliona lori la Stanley limeegeshwa kando ya barabara, limejaa nusu. Stanley alikuwa anakunywa chai kwa mama ntilie, akingoja abiria wa kumlipia mafuta ya kurudi Itigi, na alipomwona Zefania na suti yake alimpungia mkono kwa adabu ya mtu aliyeshindwa.

Sasa hesabu ilikuwa nyepesi, hata yeye aliiweza. Akisema sasa, asali inauzwa, na Mama Severina anaumbuka mbele ya diwani. Akinyamaza, Mama Severina anang'ara leo, na asali inabaki ghalani ikisubiri watu ambao aliwabuni akitafuna karanga. Akaamua kusema baada ya sherehe. Halafu akafikiri kwamba baada ya sherehe lori litakuwa limeondoka. Halafu akaitwa meza kuu, akakaa.

Simu ya Mama Severina ilikuwa juu ya sinia, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Diwani alisimama, akawaamkia wazee, akasema Rungwa sasa imeingia duniani, akafunua. Tone la dhahabu likadondoka. Akabofya palipoandikwa "Agiza", nayo simu, mpumbavu mwaminifu, ikaandika kwa herufi kubwa: "Oda yako imepokelewa. Asante!" Watu wakanyanyuka. Ngoma ikaingia. Kwa mara ya kwanza maishani kazi ya Zefania ilikuwa imefanya kazi bila kasoro, na angetamani ilipuke.

"Sasa tumkaribishe mtaalamu mwenyewe," alisema Mama Severina kwenye kipaza sauti, na ile furaha usoni mwake Zefania hakuweza kuitazama.

Alisimama. Akashika kipaza sauti. Na kule barabarani injini ya lori ikakohoa, ikawaka.

"Hakuna tovuti," alisema Zefania.

Alikuwa amepanga kuanza na utangulizi. Utangulizi ulikataa. Ngoma ikanyamaza.

"Hiyo ni picha. Nilichora nionyeshe tovuti itakavyokuwa, ndiyo maana haihitaji mtandao. Haiendi popote. Oda hizo niliziandika mimi. Anastasia hayupo. Benson hayupo. Nilitakiwa niwaambie siku ile, nikala firigisi."

Diwani aliitazama simu, kisha kidole chake. "Kwa hiyo mimi nimezindua nini?"

"Mchoro, mheshimiwa."

"Mchoro."

"Wa rangi," alisema Zefania, na hapo hapo akajuta.

Mama Severina alikuwa amesimama na mikono imelegea, akimtazama mwanawe wa mjini kama mtu anayetafuta mahali alipopajua zamani. Zefania angependa kupigwa kofi. Badala yake alitupa kipaza sauti mezani, akaruka kamba ya turubai na kuanza kukimbia. Viatu vya jirani vilimwacha hatua za mwanzoni tu, akaendelea na soksi. Alikimbia kwenye vumbi la lori akipunga tai juu, akipiga kelele jina la Stanley, na nyuma yake alisikia watoto wakimshangilia kwa kuwa walidhani ni sehemu ya sherehe.

Stanley alisimama. Alisikiliza habari yote akiwa kwenye usukani, akacheka mpaka akalala kwenye honi, na honi ikalia kijiji kizima. Kisha akarudi nyuma mpaka ghalani. Bei aliitaja kutoka dirishani, na hakuna aliyebishana naye. Wanaume wakaanza kupakia.

"Huyu Anastasia wa Mbeya ni nani?" Stanley aliuliza, akisoma karatasi. "Mke wa nani?"

"Pakia," alisema Mama Severina.

Diwani aliaga kwa upole, akisema atakuja tena tovuti yenyewe ikiwa tayari, na safari hiyo atabofya mara mbili kuhakikisha. Wapo waliocheka. Zefania alibeba ndoo pamoja na wengine, suti ya watu ikigandamana na asali, na kila alipopita mbele ya Mama Severina aliinamisha kichwa. Zilipobaki ndoo chache ndipo Mama Severina alipomsemesha.

"Yale masanduku yako ya kwanza yalikuwa mabaya," alisema. "Lakini tuliusema ubaya wake na wewe ulisikia. Hiki ulichotuletea baadaye kilikuwa kizuri mno, nani angekikosoa? Ungekuwa mwanangu wa kumzaa leo ungeona."

"Naomba unisamehe, mama."

"Nitakusamehe, ila si leo. Leo nina hasira. Kesho utabandika zile karatasi ukutani, namba ya simu ikiwa juu, na utaandika hiyo programu hapa hapa ghalani. Huondoki Rungwa mpaka nimpigie mtu wa mbali nikamsikia anahema."

"Sawa, mama."

Aliogopa, na akajiona mjinga kuogopa, maana kati ya adhabu zote hiyo ndiyo aliyostahili. Akageuka achukue ndoo nyingine, akamkuta Bibi Rebeka bado yupo kwenye kigoda chake. Watu walikuwa wamemzunguka kupakia na yeye hakusogea. Chupa ilikuwa mapajani.

"Mjukuu wangu," alisema. "Masikio yangu si mazuri na ile spika inakwaruza. Wale wa Mbeya na Tabora nimesikia. Na yule wa Morogoro?"

Zefania akachuchumaa mbele yake. Alitafuta neno la kuchekesha, kama alivyozoea kujikinga. Halikuja.

"Hayupo, bibi. Jesca nilimtunga."

"Na mtoto?"

"Hakuna mtoto."

"Haumwi?"

"Hakuwahi kuwepo, bibi. Nilimwandika tu ili ukurasa upendeze."

Bibi Rebeka alifumba macho. Zefania akangoja laana, kwa sababu laana ya bibi wa umri ule si jambo la mchezo. Lakini yule mzee alishusha pumzi ndefu kutoka ndani kabisa, mabega yakamshuka, na alipofumbua macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Mungu ni mwema," alisema. "Kila nikimwombea nilikuwa naogopa. Nilidhani tumemchelewesha, amekufa."

Akamshika Zefania kichwani kwa mkono uliokuwa ukinata asali, akamwacha alie.